Jeli ya Manjano na Taa ya Ndagala

Vidonda nilivijua kwa pua kabla ya kuviona. Kidonda kibichi kinanuka chuma, na hicho hakinitishi. Lakini kipo kimoja kinachonuka utamu, kama ndizi zilizosahauliwa ndani ya gunia, na usaha wake una ukijani. Hicho nikikinusa tangu mlangoni najua kwamba dawa zilizomo kabatini zitapigana nacho na zitashindwa. Nilifanya kazi chumba cha vidonda miaka kumi na minne, katika hospitali moja pale Kigoma mjini, na wenzangu walikuwa na mzaha wao kwamba ulimi wangu unasafisha kidonda kuliko maji ya chumvi. Sikukasirika. Mtu aliyezaliwa Kasingirima akalelewa na bibi wa Kimanyema hajifunzi kusema polepole.

Miaka hiyo Warundi walikuwa wanavuka kwa wingi. Wengine walishuka vilima kwa miguu, wengine walikuja kwa mashua, wakashushwa ufukweni na magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Mabasi yaliwapeleka makambini, na wale ambao ugonjwa haukuwaruhusu kupanda basi waliletwa kwetu. Bibi yangu alikuwa na neno lake, mgeni njoo mwenyeji apone, na hakulisema tu, alitenga na sahani. Mimi nisidanganye: kuna asubuhi niliwaona wageni wanaingia getini nikatamani kulia kwa uchovu. Wodi ilijaa, varanda ikajaa, shashi ikaisha, na bado kila kidonda kilitaka kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa, kimoja kimoja, kwa mkono.

Mama ninayemkumbuka alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mtu wa upande wa Rumonge. Mashua yao ilipogonga mawe wakati wa kushuka, msumari wa ubao ulimchana kuanzia juu ya kifundo cha mguu hadi katikati ya muundi, naye akatembea na jeraha hilo ndani ya maji na tope kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Alipofika mikononi mwangu jeraha lilikuwa limeingia mwezi wa tatu. Alikuwa na ruhusa ya maandishi ya kukaa nje ya kambi kwa matibabu, akafikia kwa ndugu yao aliyeolewa Rusimbi, na kila siku ya pili mumewe alimleta akimshika kiuno.

Huyo mume alikuwa mvuvi wa dagaa, au ndagala kama wanavyowaita wao. Wakati wa kukimbia wengine walibeba vyungu. Yeye alibeba taa yake ya kuvulia, ubao wenye balbu nyeupe ndogondogo na betri yake, akaizungushia kitenge cha mkewe. Nilimcheka niliposikia. Nilimuuliza kama alidhani Tanzania hakuna taa. Akanijibu kwa upole kwamba taa zipo, ila hii anaijua.

Antibayotiki ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa, na ya tatu iliposhindwa maabara ikaleta karatasi inayosema vijidudu vya mguu ule vimekuwa sugu karibu kwa kila kitu tulichokuwa nacho. Daktari wa upasuaji hakuwa mtu wa kuzunguka. Alichora kwa kalamu mpaka wa wekundu kwenye ngozi ya yule mama, akasema tutasubiri wiki mbili. Wekundu ukipanda kuuvuka mpaka ule, au mfupa ukiguswa, atakata chini ya goti ili amwokoe mtu mzima. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kirundi kama amesikia sawasawa. Kiha changu na Kirundi chake vinasikilizana bila mkalimani, nikamwambia ndiyo, umesikia sawasawa.

Hakulia. Alinieleza kwamba tangu ajue kutembea amelima mihogo kwenye mteremko, na kwenye milima ya kwao mtu wa mguu mmoja halimi, anakaa mlangoni analishwa.

“Wakikata mguu huu,” alisema, “wamekata shamba langu.”

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa binti wa chuo kikuu, Mtanzania, mwenye sanduku la barafu mkono mmoja na taa ya miguu mitatu mkono mwingine. Alinipa shikamoo ya heshima mno, nikaingiwa na shaka hapohapo, maana anayesalimia hivyo ana jambo. Jambo lake lilikuwa jeli. Ilikuwa ya njano iliyokolea, laini, inatikisika kama ute wa bamia ulioganda. Nilimuuliza ni nini kile cha njano, akasema ni kiini cha manjano. Manjano haya haya ya mchuzi. Nilikaa chini. Bibi yangu alinipaka manjano kwenye kila mchubuko wa utoto wangu, nikaenda chuo cha uuguzi nikafundishwa kuyacheka, na leo yamerudi kwangu ndani ya kopo lenye muhuri wa chuo kikuu.

Kabla sijamsikiliza nilimpa kwanza yaliyokuwa moyoni. Nilimwambia kwamba watu hawa wamekimbia mara moja, na huku wanaletewa majaribio kwa sababu hawana tena pa kukimbilia. Binti hakununa. Alinionyesha karatasi za ruhusa, akanieleza kwamba waliotangulia kutumia jeli ile walikuwa wagonjwa wa mjini, na kwamba atakayekataa hatanyimwa tiba ya kawaida. Kisha akavuta kigoda akanieleza dawa yenyewe, na hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kulegea.

Manjano peke yake, alisema, yana nguvu ndogo. Lakini taa ya buluu ikiyamulika, yanaichukua nguvu ya mwanga na kuikabidhi kwa oksijeni iliyomo ndani ya kidonda, na oksijeni hiyo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, inageuka kali na kurarua ganda la nje la vijidudu. Antibayotiki nyingi hupitia mlango mmoja, na kijidudu hujifunza kuufunga. Hii inapiga kila upande kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuizoea. Jeli kazi yake ni kukishika kidonda kikiwa na unyevu na kuyaweka manjano palepale yanapotakiwa. Miaka yote nilikuwa nafungua dirisha la chumba changu ili nione ninachofanya, sikuwahi kufikiri kwamba mwanga wenyewe unaweza kupewa kazi.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa nne, na nje foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Binti alisoma kwa Kiswahili cha vitabuni, mimi nikatafsiri, na ukurasa wa pili uvumilivu wangu ukaisha. Niliwaambia yule mama na mumewe kwa kifupi: dawa hii inalala, taa ndiyo inayoiamsha, bila taa haifanyi kitu. Niliacha kusema kwamba taa ni hii yetu tu, kwa dakika zilizopimwa, na kwamba nyumbani jeli ikae imefunikwa gizani chini ya bandeji. Mume alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Mama akaweka dole gumba.

Tulianza. Tulifunga pazia jeusi, nikaweka jeli kwenye kidonda, binti akawasha. Chumba changu chenye rangi iliyobambuka kiligeuka buluu yote, kama unavyofungua macho ndani ya ziwa, na mguu ule uliooza ukawa katikati yake unang'aa njano iliyoelekea ukijani. Taa iliwaka dakika ishirini mfululizo. Mimi, ninayesema hata usingizini, nilikaa kimya nikatazama.

Baada ya mara nne usaha ulikuwa umepungua kidogo, lakini ile harufu ya ndizi ilikuwepo, na wekundu ulikuwa umeugusa mpaka wa kalamu na kuanza kuupita kwa upana wa uzi. Daktari alipima kwa rula, akaandika. Zilikuwa zimebaki siku tano. Usiku sikulala vizuri, na sina kawaida hiyo; kazi ya vidonda ukiipeleka nyumbani itakumaliza.

Mara ya tano waliwahi kufika. Nilifungua bandeji, nikakuta jeli imepauka. Haikuwa na njano hata kidogo, ilikuwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Nikauliza nini hiki. Mume akajibu bila wasiwasi kwamba jana baada ya alasiri alifunga mlango wa chumba, akaning'iniza kitenge dirishani, akafungua bandeji, akaiamsha dawa kwa taa yake ya ndagala. Mkewe alikuwa amebakiza siku chache kabla ya kukatwa, alisema, na yeye alikuwa na taa imekaa bure.

Binti aliweka kalamu chini. Taa isiyo yetu, muda usiojulikana, rangi ya dawa imekwisha: mgonjwa huyu hawezi tena kuhesabiwa katika utafiti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufoka. Nilimwambia yule baba kwamba mguu wa mkewe si wavu wa kujaribia mambo, kwamba watu wamesoma miaka mingi kwa ajili ya dawa ile, na mengine ambayo sitayaandika. Alingoja mpaka nikavuta pumzi.

“Muganga,” alisema, “wewe ndiye uliyesema bila taa haifanyi kitu.”

Mvuvi yeyote wa ziwa lile, Mrundi au Muha au Mbembe, ukimwambia kwamba taa ndiyo inayoamsha, atakwenda kuleta taa; angefanyaje kingine? Nilikuwa nimelikoroga mwenyewe. Nikamgeukia binti, nikamwambia mbele yao wote kila nilichokiruka kwenye ile fomu kwa sababu ya foleni. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, na mimi mtu mzima nilikuwa pengine nimemkata mguu mwanamke yule kwa ulimi wangu. Niliona aibu ambayo hata sasa ikinijia nikiwa jikoni naweka mwiko chini.

Kilichobaki kilikuwa kusafisha. Nilimwaga maji ya chumvi, nikaiondoa jeli ile nyeupe kwa koleo, nikasubiri harufu. Haikuja. Nilidhani pua imeziba kwa ghadhabu. Nikafanya jambo ambalo nimewagombeza wanafunzi wangu wasilifanye: niliteremsha barakoa nikainama. Kidonda kilinuka chuma. Nikakipangusa tena, na chini ya utando wa mwisho nikaona nyama nyekundu yenye vipunjepunje, ile nyama mpya ambayo sisi wa vidonda tunaifurahia kuliko watu wengine wanavyofurahia maua. Kando ya mpaka wa kalamu, wekundu ulikuwa umerudi nyuma. Nikasema Subhanallah kwa sauti, mbele ya mgonjwa, jambo ambalo pia hatufundishwi.

Binti alichukua sampuli kwa pamba, na siku mbili baadaye sahani ya maabara ambayo zamani ilijaa vijidudu ilikuwa na vidoa vya kuhesabika. Lakini hakungoja siku hizo mbili kumuuliza yule baba. Alivuta kile kigoda chake, akakaa mbele ya yule baba, chini kabisa kama mwanafunzi, akamwomba aeleze alivyofanya tangu mwanzo.

Aliwasha, alisema, kwa muda wa mtu kula sahani ya ugali. Akazima. Akangoja mkewe asimulie kisa kimoja. Akawasha tena, akazima tena, hadi betri ilipoanza kuchoka. Binti akauliza kwa nini alikuwa anazima. Yule baba akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anapiga kasia.

“Kwenye mashua yetu hatuwashi mfululizo,” alisema. “Ndagala wakiangaziwa moja kwa moja wanazoea, wanazagaa pembeni. Unazima, unaacha maji yapumue, unawasha tena. Wanarudi kwa nguvu.”

Binti akanieleza mimi, polepole, nami safari hii nikatafsiri neno kwa neno. Dawa yake inakula oksijeni ya kidondani. Taa ikiwaka mfululizo, oksijeni iliyo karibu inaisha, na manjano yanapauka bila kuwa na cha kufanyia kazi. Ukizima, damu inaleta nyingine. Ukiwasha tena, inakuta hewa mpya. Alikuwa ameyasoma hayo kwa wengine waliowahi kujaribu, lakini mpango wa utafiti ulipoandikwa waliokuwa juu yake walichagua dakika ishirini za mfululizo, naye akafuata. Na balbu zile nyeupe za uvuvi, alisema, ndani ya weupe wake zina buluu nyingi. Mvuvi alikuwa amekipumzisha kidonda kwa kanuni ya maji. Nilisimama pale kati ya watu wawili, mmoja amejifunza mwanga kwenye vitabu na mwingine ziwani, nikahisi mdogo, na kuhisi hivyo hakukuniuma.

Mguu ulikuwa bado haujapona. Binti hakutaka tujidanganye: mgonjwa mmoja si ushahidi, na kanuni zilimtaka amtoe kwenye utafiti siku hiyohiyo. Nikamuuliza, basi ndiyo tumwache? Alifunga jalada lake.

“Kwenye daftari langu hayumo tena,” alisema. “Lakini mguu wake bado upo.”

Aliandika barua kwa wakubwa wake kuomba amtibu nje ya hesabu. Daktari alitia sahihi, mimi nikaandika kosa langu kwa mkono wangu na jina langu chini yake. Tulingoja jibu siku mbili, tumemlaza varandani, na siku hizo nilikuwa nikitazama ule mstari wa kalamu kila nilipopata nafasi, nikiogopa kuvuta shashi. Jibu lilikuja: tuendelee, kwa taa ya hospitali, kwa vipimo, na kwa mapumziko kati ya kuwasha na kuwasha. Mume aliomba kitu kimoja tu, akae karibu na swichi. Binti alishika saa, akawa anaashiria kwa kidole, na yule baba alizima na kuwasha kwa uangalifu wa mtu aliye juu ya maji. Tukipumzika gizani mkewe alisimulia kisa, na wote tukawa tunakingoja kumalizika kabla taa haijawaka.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili daktari alikuja na fomu ya upasuaji. Alikitazama kidonda akiwa amesimama, kisha akachuchumaa, kisha akaomba rula. Wekundu ulikuwa umeshuka vidole viwili chini ya mstari wake. Aliikunja ile fomu mara mbili akaitia mfukoni, akasema tuupe wiki nyingine. Baada ya wiki hiyo akasema nyingine. Baadaye hakusema tena.

Nimeona watoto wakizaliwa, nimeona ziwa likipasuka kwa radi, na bado sijaona kitu cha kustaajabisha kuliko kidonda kikubwa kikijifunga. Nyama inajaa kutoka chini, siku kwa siku, bila kuelekezwa na mtu. Kisha kandokando unatokea ukingo mwembamba wa ngozi, unaosogea kuelekea katikati kidogo sana kiasi kwamba ukiutazama hausogei, ukiondoka unasogea. Nilikuwa nikifika kazini naanzia kwake. Sijui ilikuwa jeli, au lile giza la kati, au mwili wa mwanamke aliyekataa kukaa mlangoni alishwe. Wagonjwa wengine wa jeli ile walipata nafuu, wengine hawakupata, na sahihi yangu haiwezi kuwekwa chini ya kitu nisichokijua. Ninachokijua ni kile nilichokisafisha kwa mikono yangu.

Siku ya kufunga jalada lake alikuja mwenyewe kutoka Rusimbi, kwa miguu. Nilimkalisha, nikatoa bandeji ya mwisho, na hapakuwa na kitu cha kusafisha. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na ngozi nyembamba, inayong'aa, nyeupe kuliko nyingine, imekunjamana kidogo pembeni. Nilikuwa naibonyeza kwa kidole nione kama inarudi. Akaniambia nivue glavu. Nikavua. Akauchukua mkono wangu akaulaza juu ya muundi wake, na ngozi ile ilikuwa na joto.

“Vitu vyangu vyote ama nilikuja navyo kwenye mashua ama niliviacha,” alisema. “Hii sikuja nayo. Hii imeota hapa.”

Niliuacha mkono palepale mpaka mgonjwa aliyefuata akagonga mlango.